Priampu ya Kitinda

Mpwa wake alifika Jumamosi asubuhi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa pazia kuukuu, akakibwaga juu ya meza ya chakula kabla hata ya kusalimia. Kilikuwa kizito. Mtoto wa watu alikuwa anahema.

"Shikamoo mjomba. Mama anakusalimia sana. Anasema tunaleta cherehani ya pili, chumba kimejaa, kwa hiyo utoe humo vipuri unavyotaka, kinachobaki uwape wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Marahaba," akajibu mjomba, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye fundo la pazia. Hakuwa na haja ya kulifungua. Uzito ule wa kwenye meza aliufahamu, na umbo pia. Alilifungua tu kwa sababu mpwa alikuwa anamkodolea macho, kikatokea kisanduku cha alumini ya kijivu, upana wa sinia, nobu moja kubwa ya kuzungusha katikati na swichi mbili pembeni. Mbele hapakuwa na maandishi. Aliyekitengeneza hakufika mahali pa kukipa jina.

"Hivi ni nini hasa, mjomba? Redio?"

"Ni priampu. Mama yako hajakuambia?"

"Aliniambia ni mzigo," akasema msichana, akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Priampu, na wewe unayesoma usijifanye unaijua maana wengi wetu tulielezwa mara mbili ndipo tukaelewa, ni chombo kinachokaa katikati. Kinapokea sauti changa inayotoka kwenye santuri au kwenye deki ya kaseti, kinaipandisha, kinaishusha, kisha kinaikabidhi kwa amplifaya kubwa ambayo ndiyo yenye misuli ya kusukuma spika. Chenyewe hakipigi kelele. Ukikiweka mezani peke yake ni sanduku tu. Lakini kikiwa kibovu, hata uwe na spika za ukubwa wa kabati, utakachosikia ni ubovu uleule, mkubwa zaidi. Wapo watu wananunua priampu moja kwa bei ya gari, na kabla hawajatoa hela zao wanamtafuta mtu wa kuwaambia kama wanaibiwa au la.

Kwa miaka karibu thelathini, mtu huyo alikuwa huyu mjomba. Kazini na mtaani wanamwita Sikio. Si kwamba masikio yake ni makubwa, ni ya kawaida kabisa, moja limejikunja kidogo kwa juu kwa kuwa utotoni lilivutwa sana. Jina alilipata kwenye duka la vyombo vya muziki alikofanya kazi. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha kusikilizia: zulia nene, mapazia mpaka chini, na kiti kimoja ambacho miguu yake ilizungushiwa alama za utepe sakafuni ili kisisogee hata upana wa kidole. Sikio anakaa pale, macho kafumba, mikono magotini. Tajiri wake na wateja wanasimama nyuma, kimya, roho juu. Akifumbua macho akasema "safi", kitu kinanunuliwa. Akisema "mh", kinarudi kwenye boksi lake. Hiyo "mh" yake imewahi kuwaliza watu wazima.

Na alikuwa na kanuni moja asiyoivunja. Sikio la binadamu, alikuwa akisema, ni jinga. Ulisikilizishe vyombo viwili, kimoja kikiwa juu kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho huwezi hata kukitambua, litakwambia hicho cha juu ndicho kizuri. Kitaonekana kina uhai, kina upana, kina besi. Kumbe ni kelele tu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha unapiga mlio wa kupimia, unagusa nyaya za spika kwa mita, unasoma volti, unarekebisha mpaka vyombo vyote viwili vitoe namba ileile. Ndipo unakaa kitini. Mita yake ilikaa mfuko wa kulia wa koti la kazi na bisibisi mfuko wa kushoto, miaka nenda miaka rudi, mpaka ule mfuko wa kulia ukalegea na mkewe akaushona mara tatu huku akilalamika.

Kanuni hiyo alimfundisha mdogo wake wa mwisho, mama yake huyu mpwa, ambaye nyumbani kwao hajawahi kuitwa kingine zaidi ya Kitinda.

Baba yao alikuwa fundi redio. Kitinda alishika chuma cha kulehemu akiwa na miaka tisa, na jamani, yule mtoto alikuwa na mkono! Tone la lehemu likitoka kwake linang'aa, dogo, limekaa sawasawa, halijamwagika pembeni. Siku moja baba yao, mbele ya wateja, akanyanyua kazi ya binti yake kwenye mwanga wa taa akasema, "Mkono wangu umekwenda kwa huyu mdogo. Mkubwa nimempa masikio." Watu wakacheka. Sikio naye akacheka, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee na asingeweza kununa mbele za watu. Lakini neno lile lilimkaa kooni. Mwaka uleule alijaribu kujenga amplifaya yake mwenyewe, kwa siri. Ikawa inanguruma kama friji bovu. Akaisukuma chini ya kitanda na hakuthubutu tena kujenga chochote maishani mwake. Akabaki kuhukumu vya wenzake.

Usidhani walikuwa na ugomvi. Thubutu! Walipendana kupita kiasi. Kitinda alipoajiriwa kuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, jioni baada ya kazi alikuwa akipitia kwa kaka yake na mfuko wa vipuri, anasukuma mlango kwa kiwiko.

"Wewe Sikio, acha kuringa hapo, njoo usikilize hii."

"Nisikilize nini, mjukuu wa Edisoni?"

"Sikiliza kwanza, matusi baadaye."

Miaka mitatu. Mkewe Sikio akawa anagomba kwa sababu ya kitambaa cha meza kilichotobolewa na lehemu, huku akiwaletea chai. Priampu ile ilizaliwa pale, kipande kwa kipande, mbele ya spika za Sikio, maana Kitinda mwenyewe hakuwa na seti nyumbani kwake. Chombo alichokijenga kwa miaka mitatu hakuwa na cha kukisikilizia.

Kisha tajiri akapata habari. Akamfuata Sikio kwenye benchi lake la kazi, kwenye kile chumba kidogo kilichopakana na chumba cha kusikilizia.

"Mlete dada yako na dude lake. Kikisimama sawa na hiki cha ng'ambo tunachouza, namwagiza kumi. Tena hapa hapa namfungulia karakana. Wewe utakuwa unamsikilizia." Akacheka, akampiga mgongoni, akaondoka zake.

Sikio alibaki akilitazama benchi lile. Utamsikilizia. Hakumwambia mtu neno hilo, hata mkewe.

Siku ya siku ilikuwa Jumatano, asubuhi. Kitinda alikuja amevaa viatu vya kuazima vilivyokuwa vinambana, priampu kaibeba mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Tajiri alikuwepo, na wateja wawili wenye uwezo wao. Sikio akavipanga vyombo, cha ng'ambo kulia, cha Kitinda kushoto. Akaunga nyaya. Akazungusha nobu zote mbili mpaka alama moja, pale ambapo mshale wa saa ungekuwa saa nne. Alifanya kwa jicho. Akakaa kitini, akafumba macho.

Alisikiliza santuri moja tu, ileile aliyoitumia siku zote, mwanamke anaimba na gitaa tupu. Kwanza kwa chombo cha ng'ambo. Kisha kwa cha Kitinda. Kisha tena.

"Kimejengwa vizuri," akasema alipofumbua macho. "Lakini sauti imezubaa. Haina uhai."

Mmoja wa wale wateja akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Huyu bwana kiboko. Dada yake wa damu, na hambebi!" Tajiri akacheka. Na Sikio, Mungu amsamehe, sifa ile aliimeza na ikawa tamu.

Kitinda hakulia. Alimtazama kaka yake, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akachomoa nyaya zake, akazikunja vizuri kama baba alivyowafundisha, akasema, "Asante, kaka."

Kaka! Tangu jina lile lipatikane dukani alikuwa akimwita Sikio tu.

Mwezi haukuisha, Kitinda akaomba pale kiwandani atolewe kwenye ufundi umeme akae kwenye cherehani. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Baadaye akaacha kiwanda, akaanza kushona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kwa kaka yake aliendelea kufika. Sikio alipolazwa kwa ajili ya kibofu, Kitinda ndiye aliyekesha kwenye benchi la hospitali. Simu alipiga, salamu alituma, shikamoo haikupungua hata siku moja. Heshima ilibaki, utani ndio uliohama. Na habari za sauti hazikutajwa tena.

"Hivi wifi yangu mbona siku hizi haji kusikiliza muziki?" mkewe aliuliza wakati fulani.

"Ana shughuli," akajibu.

Kuhusu mita, alijiambia alisahau. Watu walikuwa wengi, tajiri alikuwa na haraka, binadamu husahau. Alijiambia hivyo miaka kumi na miwili, na kwa siku nyingi maneno hayo yalimtosha. Duka lilipofungwa, tajiri akampa kama zawadi ya kuagana kile chombo cha ng'ambo, kilekile. Kikawa sebuleni kwake chini ya televisheni, kila siku anakiwasha, kila siku anakisikiliza.

Basi Jumamosi ile mpwa alipoondoka, Sikio alivaa miwani akaleta bisibisi na mkasi wa kukatia nyaya. Nia yake ilikuwa kufanya alichoambiwa, kutoa vipuri. Akafungua skrubu nne, akanyanyua kifuniko. Akakaa.

Alikuwa hajawahi kuitazama ndani ikiwa imekamilika. Siku ile dukani alisema "kimejengwa vizuri" bila kufungua kifuniko, kama mtu anavyosema mtoto wa jirani ni mzuri. Sasa aliona. Hakuna waya uliopita ovyo. Kila mmoja umelala kando ya mwenzake, umefungwa kwa uzi wa kushonea, mafundo madogo yenye nafasi sawa. Lehemu zilikuwa zinang'aa mpaka leo. Ule mkasi alikuwa nao mkononi, akauweka chini.

Ndipo akaiona ile karatasi. Ilibandikwa kwa utepe kwenye ukuta wa ndani, na pamoja nayo rezista mbili mpya, vipuri vya kurekebisha nguvu ya sauti, vijiti vidogo kama punje, moja ya upande wa kulia na moja ya kushoto. Mwandiko ni wa Kitinda. Maneno mawili tu, "za kubadili", na chini yake tarehe.

Tarehe hiyo Sikio aliijua. Ilikuwa ile Jumatano.

Alikagua kapasita, zile zinazotunza umeme, moja moja kama zimevimba, chombo kilikuwa kimelala miaka mingi, kisha akaiunganisha na amplifaya yake, akaiwasha taratibu. Haikulalamika. Akaweka mlio wa kupimia. Akazungusha nobu ya chombo cha ng'ambo mpaka saa nne, akagusa nyaya za spika kwa mita: volti mbili kamili. Akahamisha nyaya, akazungusha nobu ya Kitinda mpaka saa nne vilevile: moja nukta saba nane.

Alirudia mara tatu, kama vile namba zingemwonea huruma.

Tofauti hiyo, kwa wasiojua, ni ndogo mno. Mke wako hawezi kuigundua, wala jirani. Lakini ndiyo ileile inayotosha kulidanganya sikio jinga, na yeye ndiye aliyekuwa akiwahubiria watu hivyo kwa miaka. Akapandisha nobu ya Kitinda kidogo sana, upana wa ukucha, mpaka mita ikasoma mbili. Akatoa ile santuri ya mwanamke na gitaa, akavuta kiti, akafumba macho.

Wimbo wa kwanza haukufika nusu, alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mkewe akatoka jikoni.

"Baba nanihii, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unalia?"

"Sikiliza," akasema. "Hebu sikiliza tu."

Mkewe akasimama pale na taulo la vyombo begani, akasikiliza. "Mama huyu kama yumo humu ndani," akasema baada ya muda. "Hii ndiyo ile ya Kitinda?" Sikio akaitikia kwa kichwa. Mkewe akamwangalia, akaiangalia ile priampu, akarudi jikoni.

Kesho yake mchana Sikio aliifunga priampu kwenye pazia lake akaipeleka kwa mdogo wake. Njia nzima alikuwa na swali moja. Kitinda aliipima siku ileile, akajua kosa liko wapi, akanunua na dawa yake. Kwa nini hakusema? Swali hilo lilikuwa la kumsaidia, ukitaka ukweli. Mtu akijua na akanyamaza, si na yeye ana sehemu yake ya lawama? Ndivyo alivyokuwa anajipoza.

Kitinda alikuwa kwenye cherehani, rundo la sketi za bluu upande huu, rundo upande ule. Alipomwona kaka yake na ule mzigo, mguu ukaacha kukanyaga.

"Shikamoo kaka. Mbona umeirudisha? Vyuma chakavu wamefunga?"

"Marahaba." Akaiweka kwenye meza ya kukatia nguo, akafungua kifuniko alichokuwa amekiegesha bila skrubu, akaonyesha karatasi. Aliyokuwa ameyapanga njiani yote yakampotea. "Jana nimeipima. Moja nukta saba nane."

"Eh," akasema Kitinda.

"Siku ile sikuweka sawa. Nilizungusha nobu kwa jicho. Nilikuhukumu kwa kosa langu, mdogo wangu. Hiki chombo kilikuwa kinakishinda cha ng'ambo."

"Najua."

"Unajua! Kumbe ulijua! Sasa mbona hukusema? Ungerudi kesho yake, ungenipigia kelele, ungemwambia tajiri! Rezista mbili, Kitinda! Kazi ya dakika kumi!"

"Dakika sita," akasema Kitinda. Akakata uzi kwa meno, akaweka sketi pembeni. "Nilitoka pale nikaenda kiwandani, nikaazima vyombo vya kupimia, nikaona sauti yangu inatoka chini kidogo. Nikacheka peke yangu. Nikasema, alaa, ni hiki tu? Nikapita dukani kununua rezista. Niko barabarani nazo mkononi, ndipo nikafikiri vizuri. Nikasimama."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri aliyenifundisha kuweka sawa ni nani."

Sikio akajivutia kiti akakaa.

"Ni wewe. Hujawahi kusikiliza kitu bila kukiweka sawa, hata redio ya jirani. Ungesahau siku zote, siku ile usingesahau. Kwa hiyo nikajua umefanya makusudi. Kwamba hutaki nije pale dukani, na umeona aibu kuniambia mdomoni. Basi nikasema, kama kaka yangu hataki, mimi nani? Chombo ningekirekebisha, kaka. Wewe ningekurekebisha vipi?" Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. "Nilizibandika humo ndani ili siku ukiniuliza nizitie. Hukuniuliza."

Nje watoto walikuwa wanapita wakigombania mpira. Kitinda akasubiri wapite.

"Lakini miaka mingi sasa, huwa najiambia labda nilikuonea," akasema. "Labda binadamu alisahau tu, na mimi nimemwekea kinyongo bure. Hebu nitoe kwenye wasiwasi. Ulisahau?"

Ilikuwa imebaki hatua moja tu. Aseme ndiyo. Neno alilokuwa akijiambia siku zote, limelainika kwa kutumiwa, na Kitinda mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango. Wangelia kidogo, wangecheka, mambo yangekwisha. Na Sikio alilitaka neno hilo, msione hivi, alilitaka kwa moyo wote. Lakini alikuwa ameangalia chini, na macho yake yakaangukia kwenye zile nyaya zilizofungwa kwa uzi, na akakumbuka mkono wake wa kulia siku ile alipokuwa anakaa kitini. Ulikuwa mfukoni. Ulikuwa umeishika.

"Mita ilikuwa mfukoni," akasema. "Nilikuwa nimeishika."

Kitinda akasukuma rundo la sketi kando.

"Tajiri aliniambia atakupa lile benchi langu. Nikakumbuka neno la baba. Mkono wa baba. Nikasema moyoni, acha kwanza nisikilize hivi hivi, nikiona ni kizuri nitaweka sawa. Nilipoona kimezubaa, nilifurahi. Nilifurahi, Kitinda. Halafu nikajua kwa nini kimezubaa, na nikanyamaza."

Alidhani atafukuzwa, na angeshukuru. Kitinda aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akavuta kigoda akakaa mbele yake, karibu, magoti yanakaribia kugusana.

"Haya, Sikio," akasema. "Sema sasa. Sema kama ulivyotakiwa kusema siku ile. Chote, nje mpaka ndani."

Jina lile lilimchoma kuliko tusi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza, mwanzoni kwa kugugumia, kisha kwa sauti yake ya kazini.

"Kasha umelikata kwa msumeno wa mkono na kulipiga msasa mpaka kona haziwezi kumkwaruza mtu. Nobu inazunguka kwa uzito uleule mwanzo mpaka mwisho. Transfoma umeiweka nyuma kabisa, umeigeuza upande, mvumo wake usiingie kwenye sauti. Nyaya za ethi zote zinakutana sehemu moja. Nimehesabu lehemu mia na arobaini na mbili, sijaona hata moja ya kurudia."

"Na sauti?"

"Kimya kwanza. Ukiiwasha bila muziki ukaweka sikio kwenye spika, hakuna kitu. Cha ng'ambo kinachakarisha. Halafu yule mama kwenye santuri amesimama mahali pake, hayumbi. Gitaa liko kushoto kwake, chini kidogo, kwa kuwa mpigaji amekaa. Na anapiga mguu sakafuni."

"Najua anapiga mguu."

"Miaka yote kwenye cha ng'ambo nilisikia kitu kinagonga. Kwenye chako ni kiatu. Kisigino kwanza, halafu ncha."

Kitinda alikuwa amefumba macho. "Kasoro?"

"Besi ya chini kabisa, cha ng'ambo kina uzito zaidi. Kidogo. Na swichi ya pili inatoa mlio ukiigusa."

"Swichi ile ilikuwa ya bei rahisi," akasema Kitinda. "Nilitaka kuibadilisha kwenye cha pili."

"Kulikuwa na cha pili?"

"Kasha lake nilikuwa nimeshalitoboa."

Sikio akamshika mikono. "Tutengeneze. Mimi na wewe. Nyumbani kwangu, meza ileile. Nitakununulia kila kitu."

Kitinda akacheka, kicheko cha upole kilichokuwa kibaya kukisikia. Akachukua sindano kutoka kwenye mto wa sindano, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Unaona tundu hapa? Mimi silioni. Uzi mpaka mwanangu anitungie. Nitalehemu kwa macho gani, na huu mkono?" Akaunyoosha, na vidole vilikuwa vinatetemeka, kidogo tu, kama vya baba yao mwishoni. Akairudisha sindano mahali pake. "Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, Sikio. Ndio ulikuwa wakati wake."

Walikaa hivyo mpaka mpwa alipoingia na mfuko wa vifungo, akawaamkia, akawatazama mmoja mmoja, akaamua ana kazi nje.

Kitinda akainuka, akakung'uta nyuzi kwenye nguo yake.

"Funga kifuniko, vumbi la vitambaa linaingia," akasema. "Na uende nayo. Wewe una spika, mimi sina. Lakini usizitie hizo rezista. Ziache hapo zilipo."

Sikio akatoa skrubu mfukoni, akazitia moja moja. Alipomaliza akaifunga ile priampu kwenye pazia, akaikumbatia. Kitinda alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshikia kitasa kwa sababu mikono ya kaka yake ilikuwa imejaa, akamrekebishia kola ya shati iliyopinda.

"Msalimie wifi," akasema. "Asante kwa kuja, kaka."

Sikio alisubiri kidogo pale kizingitini, labda angesikia lile jina jingine. Ndani, cherehani ikaanza kulia.